Mama anataka kuoa, anataka nimwongezee ng'ombe 2

Shikamoo mama,

Mimi ni binti wa pili kati ya mabinti 4. Sisi ni Wakurya wa Tarime, ila mimi nimeolewa Mwanza. Baba alifariki mwaka 2017 na hatuna kaka. Mama ana miaka 63, anaishi peke yake kwenye mji wetu, yaani boma letu. Ana ekari 7, na ng'ombe 10 waliotoka kwenye mahari ya mdogo wetu wa mwisho, aliyeolewa mwaka juzi.

Mwezi uliopita alinipigia usiku akaniambia anataka kuoa. Anataka nyumba ntobhu. Kwa msomaji asiyetoka Mara: mwanamke ambaye hana mtoto wa kiume anatoa mahari kwa binti, binti anakuja kukaa naye kama mkamwana, yaani mke wa mwana, anazaa na mwanaume atakayepatikana, na watoto wanakuwa wa mji wa mwenye ng'ombe. Hakuna mapenzi kati ya hao wanawake wawili. Aliyeoa ni mama mkwe na watoto humwita bibi.

Binti amekwisha kupatikana, kijiji cha jirani. Baba yake anasema ana miaka 19. Alimaliza darasa la saba miaka 3 iliyopita, hakuendelea, na sasa ana mtoto wa kiume wa miezi 8. Mama anafurahi, anasema "anakuja na mwanaume tayari". Wanataka ng'ombe 12, mtoto akiwa ndani ya hao 12. Mama ana 10, hivyo anataka mimi nitoe 2, ambao kwa bei ya mnadani ni kama shilingi 1,400,000. Mwanaume wa kuzaa naye pia amekwisha kuzungumzwa: ni binamu yetu, ana mke na watoto 5.

Dada mkubwa anasema tusimzuie mama. Wa tatu ameokoka, amesema ng'ombe wakitoka yeye hakanyagi tena nyumbani. Mdogo wetu amenyamaza, lakini mumewe ananung'unika.

Mama, mimi naona huku ni kununua mtoto wa watu. Nikamwambia hivyo. Akanijibu, "Ninyi mna kwenu. Nikifa nani atawasha moto hapa?" Nikakosa la kusema, maana ni kweli mara ya mwisho nilikwenda Pasaka, na kabla ya hapo sikumbuki. Halafu yupo baba mdogo. Tangu baba afe anasema nyumba ile haina mwanaume, na msimu huu amepanda mistari 2 ya mikaratusi ndani ya shamba letu. Mama anaamini akipata mkamwana mwenye mtoto wa kiume, baba mdogo atakoma.

Nitoe ng'ombe au nisitoe? Wanataka wapelekwe kabla ya Desemba.

Binti wa pili, Mwanza

*

Marahaba mwanangu, na pole. Umeuliza juu ya ng'ombe 2, lakini nikisoma barua yako naona wamebebeshwa mizigo mingi: jina la mji, shamba, upweke wa mama, ugomvi wa ninyi wanne, na binti mmoja ambaye katika barua nzima hajasema neno hata moja. Nitaanza na yeye, kwa sababu mengine yote yanaweza kusubiri Januari na hili haliwezi.

Fanya hesabu. Mtoto akianza darasa la kwanza na miaka 6 au 7, anamaliza la saba akiwa na 13 au 14. Ongeza miaka 3. Unapata 16 au 17. Inawezekana alichelewa kuanza shule, wapo wengi wa namna hiyo, lakini "baba yake anasema" si cheti. Ombeni cheti cha kuzaliwa au cha ubatizo, na kama hakuna, kadi ya kliniki ya utotoni au kumbukumbu za shule alikosoma. Ikionekana hajafika 18, hakuna cha kujadili tena kuhusu ng'ombe. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamhesabu kuwa mtoto, na kulala naye ni ubakaji hata akisema amekubali, kosa ambalo kifungo chake huanzia miaka 30. Zamani wazee walijificha nyuma ya Sheria ya Ndoa ya 1971, iliyoruhusu msichana kuolewa na miaka 15 mzazi akikubali. Mahakama Kuu ilikikataa kifungu hicho mwaka 2016 na Mahakama ya Rufani ikaikubali hukumu hiyo 2019. Na hata kingekuwa na nguvu, kisingemsaidia binamu yenu, kwa sababu yeye si mume wa mtu hapo. Mweleze mama kwa lugha hiyo: atakayekwenda jela ni binamu, na aliyempangia safari ni yeye.

Hata hiyo mimba iliyozaa huyu mtoto wa miezi 8, kama binti hajafika 18, ina maswali yake. Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi, au ofisi ya ustawi wa jamii wilayani, ndiko yanakopelekwa. Namba 116 hupokea taarifa za watoto bila malipo.

Tuseme sasa cheti kimekuja na kweli ana 19. Hapo ndipo naomba nikuulize kuhusu neno lako "kununua". Silikatai. Binti aliyezalia nyumbani mara nyingi hupata wachumba wachache, na baba anayepewa ng'ombe 12 na mwanamke wa rika la mkewe ana sababu zake za kufurahi ambazo binti hazimhusu. Lakini ukimrushia mama neno hilo hatalielewa, kwa sababu yeye anahesabu kwa hesabu nyingine. Kwa Wakurya kila mke ana nyumba yake, na nyumba ina mali yake: ng'ombe waliotoka kwa mabinti wa nyumba hiyo huoa wake wa wana wa nyumba hiyo. Pasipo na mwana, ng'ombe wanakuja lakini hawana pa kwenda. Nyumba ntobhu ndiyo njia waliyoitengeneza ili ng'ombe wapate pa kwenda na mji usizimike. Kwa mama, mahari ya mdogo wenu imefika na inamwuliza kila asubuhi akifungua zizi. Wewe ulisikia "nataka kununua". Nadhani yeye alikuwa anakwambia "nataka kumaliza kazi yangu".

Ukishaielewa hesabu hiyo unaweza kumwonyesha inapovuja.

Inavuja kwanza kwenye shamba. Mama anaamini mtoto wa kiume atamnyamazisha baba mdogo. Kimila huenda, kwa muda. Kisheria, Sheria ya Ndoa inasema ndoa ni muungano wa hiari wa mwanaume na mwanamke, kwa hiyo nyumba ntobhu si ndoa mbele ya mahakama ya Tanzania. Yule binti si mke wa mtu, na watoto atakaowazaa si wajukuu wa mama yako kisheria. Siku mama akifa, baba mdogo akienda mahakamani, kijana wenu atasimama pale bila karatasi hata moja. Utasikia watu wakitaja Kenya, na ni kweli Mahakama Kuu ya Mombasa mwaka 2011 ilimkubali mwanamke aliyeolewa na mwanamke kwa mila ya Kinandi kuwa mrithi. Lakini hukumu ya Mombasa haiifungi mahakama ya Tarime. Maana yake ni kwamba hata baada ya kutoa ng'ombe 12, mama bado atahitaji karatasi zile zile za ardhi ambazo angezihitaji bila kutoa hata ndama. Hili mwambie taratibu. Linaumiza.

Inavuja tena kwenye ng'ombe wenyewe. Wale 10 ni mahari ya mdogo wenu, na ndoa yake ina miaka 2. Wakitoka kwenda kuoa, ng'ombe wale wale wanakuwa wameshika ndoa mbili. Ya mdogo wenu ikivunjika, mumewe atadai ng'ombe. Mama hana. Atawadai kwa baba wa mkamwana, ambaye huenda amekwisha kuwatumia kumwozesha mwanawe. Minung'uniko ya shemeji yenu isichukuliwe kama ya mtu mchoyo. Huenda ameliona hilo kabla yenu. Na mdogo wenu aliyenyamaza anaweza kujikuta hawezi kutoka kwenye ndoa hata akipigwa, kwa sababu ng'ombe wake wamekwisha kuvuka vijiji viwili. Mpigie simu. Usimuulize anaonaje mpango wa mama. Muulize ndoa yake ikoje.

Kuhusu binamu sina mengi. Mwenye mke na watoto 5 anayeitwa "kusaidia" mara nyingi haleti mahindi wala haendi kliniki. Miaka 15 baadaye watoto wakiwa na nguvu, hurudi akisema ni damu yake. Nyumba nyingi za namna hii huvunjikia hapo, au kwa mkamwana kukataa mwanaume aliyechaguliwa na kutaka wake. Kama jambo litaendelea, mwanaume awe ni uamuzi wa binti, na wote wawili wapime virusi vya Ukimwi kabla. Mke wa binamu naye ana haki ya kujua. Je, anajua?

Sasa shamba, maana hapa ndipo unaweza kufanya kitu hata kesho, na halitegemei wewe na mama mnakubaliana juu ya mkamwana au la.

Baba alifariki 2017. Hujasema kama mirathi ilifunguliwa, na nina wasiwasi haikufunguliwa. Nenda Mahakama ya Mwanzo ya eneo lenu ukaulize kama kuna jalada kwa jina la baba. Usicheke, mara nyingine anayepanda mikaratusi amekwisha kujiandikisha msimamizi zamani. Kama halipo, fungueni ninyi. Mnahitaji cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo unaompendekeza msimamizi, uwe na majina na sahihi za waliohudhuria. Kisha mnajaza fomu ya maombi, mahakama inatoa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze, na msimamizi akithibitishwa ana miezi 4 kuwasilisha orodha ya mali na hesabu ya mgawanyo. Miaka imepita, jiandaeni kueleza kwa nini mmechelewa. Panapokwama ni kwenye kikao cha ukoo, kwa sababu mwenyekiti wake huwa ndiye huyo huyo baba mdogo. Akigoma kukiitisha, andikeni barua ya kumwomba, mpeni kupitia kwa mwenyekiti wa kitongoji, mbaki na nakala yenye sahihi ya kupokea, mwende nayo mahakamani kuonyesha kwamba mliomba.

Atawasomea mila, hata kama hajawahi kuiona ilipoandikwa. Kanuni za mila zilizotangazwa 1963 zinasema kweli kwamba mjane hana sehemu katika urithi, sehemu yake ni kutunzwa na watoto wake. Mabinti zimewaweka daraja la mwisho. Zisikutishe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kifungu cha 20, inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi. Na huko huko Mwanza unakoishi, Jaji Mwalusanya mwaka 1990 aliamua kwamba binti wa Kihaya aliyerithi shamba la ukoo ana haki ya kuliuza kama mwanaume. Hiyo ni hukumu ya miaka zaidi ya 30, na bado vikao vya ukoo vinaendeshwa kana kwamba haikutolewa.

Mikaratusi ishughulikieni ingali miche. Mti wa kudumu ni dai lenye mizizi: ukiachwa miaka 5 unakuwa ushahidi kwamba alikuwa akilitumia shamba na hamkusema kitu. Piga picha mistari yote miwili ukiwa na jirani wa mpakani, kisha mama apeleke malalamiko Baraza la Ardhi la Kijiji. Wajumbe wake ni 7 na 3 kati yao lazima wawe wanawake. Kama kuna wawili tu, liseme. Msiing'oe wenyewe, mtageuziwa kesi ya uharibifu wa mali.

Mirathi ikishagawanywa, mama aombe hati ya hakimiliki ya kimila kijijini kwa sehemu yake, mipaka ionyeshwe mbele ya majirani. Someni jina kabla ya kuweka dole gumba. Yametokea makosa ya jina la shemeji kuingia kama "mwakilishi wa familia". Halafu wosia. Kama mama anajua kusoma na kuandika, wosia wa maandishi kimila unataka mashahidi wasiopungua 2 wanaojua kusoma na kuandika, mmoja wa ukoo na mmoja asiye wa ukoo. Kama hajui, wasipungue 4, wawili wawili. Uwe na tarehe na sahihi au dole gumba, na uhifadhiwe RITA (wakala wa serikali wa usajili na udhamini), benki au kanisani, usiwekwe ndani ya sanduku la nguo ambalo kila mtu wa mji anajua lilipo. Ni kwa wosia huo tu kwamba mtoto wa mkamwana, kama atakuwepo, anaweza kupata kitu ambacho ninyi wenyewe hamtakuja kumnyang'anya. Nimesema ninyi. Bibi akishazikwa, mabinti nao huwa na njaa ya ardhi.

Nikirudi kwenye ng'ombe wako. Ukikataa kabisa, mama anaweza kuwapata kwa njia nyingine, kwa mkopo wa baba wa binti au kwa kuuza kipande cha shamba, na wewe utakuwa umetoka kwenye meza ambayo sauti yako inahitajika. Ukitoa bila kusema neno, umekuwa sehemu ya jambo ambalo roho yako inalikataa, na huyo mtoto atakapokuja kukuita shangazi utashindwa kumtazama. Kuna kutoa kwa sharti: cheti cha umri kwanza, binti aulizwe peke yake, makubaliano yaandikwe kwa mtendaji wa kijiji. Yaandikwe ng'ombe wangapi na rangi zao, akifa mmoja nani anaarifiwa, binti akiondoka ndama ni wa nani, na kwamba akiondoka anaruhusiwa kwenda na watoto wake. Sharti hilo la mwisho wazee watalikataa, kwa maana kimila mtoto ni wa mwenye ng'ombe, na mahakama haitawaunga mkono. Sikufichi, karatasi hiyo inapunguza ugomvi, haiibadilishi nyumba ntobhu kuwa ndoa. Wengine watakwambia kwamba kuiandika ni kuibariki. Dada yako aliyeokoka atakwambia hivyo, na simwoni kuwa mjinga.

Au shilingi 1,400,000 ziende kwingine. Zinatosha kugharimia mirathi na safari za mahakamani, na zikabaki za kumlipa msaidizi wa kukaa na mama kwa miezi kadhaa. Huyo huyo binti, kama ana miaka 18, anaweza kuja na mtoto wake kwa mshahara na chumba, bila ng'ombe, bila binamu, akiwa huru kuolewa kesho. Mama anaweza kuona ni tusi. Anaweza pia kuona ni nafuu. Na mtoto wa mmoja wenu kwenda kukaa naye na kusoma huko ni jambo la kufikiria, ingawa ukoo utasema ni mtoto wa ng'ombe wa watu wengine, na mume wako atakuwa na lake la kusema.

Kabla ya kuchagua lolote, nenda Tarime. Usiende na jibu, na usiende Jumapili ambapo mji umejaa. Shinda siku 3, uone nani anachota maji na nani anafunga zizi. Mwombe mama mwende pamoja kwa kina binti, na mkifika, wewe uingie jikoni alipo yeye, ukae chini, umbebee mtoto akiwa anasonga ugali. Usimuulize kama amekubali, maana atasema amekubali. Muulize baba wa huyu mtoto yuko wapi, na kama ng'ombe wasingekuwepo angependa kufanya nini mwakani. Msikilize mpaka mwisho.

Na usiku mkirudi, mama akiwa amekwisha kula, muulize swali ambalo nadhani hakuna aliyemuuliza tangu mahari ya mdogo wenu iingie zizini: hawa ng'ombe 10, kama asingekuwa na deni kwa mtu yeyote, wa ukoo wala wa kaburini, angetaka wamfanyie nini? Uniandikie alivyojibu.